CHOMBO KISIMAME WIMA MAJI YAKIPWA

(Mazungumzo na wanakisomo wa vijiji vya pwani)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya vyombo vyetu vya bahari. Ninyi wa bara msifunge gazeti. Someni pamoja nasi. Habari hii ni ya bahari, lakini ndani yake mna kupima na kuandika, na kazi hiyo ni ya kila mtu, awe mvuvi, awe mkulima.

Swali letu ni hili: Tufanye nini ili mashua isilale ubavu maji yakipwa?

MAJI HUPWA, CHOMBO HULALA

Watu wa pwani mnajua. Maji ya bahari hujaa na kupwa, kisha hujaa na kupwa tena. Toka maji kujaa mpaka kupwa ni muda wa saa 6 na dakika chache. Kila siku wakati huo husogea mbele kwa dakika kama 50. Kama leo maji yalijaa saa 10 kamili alasiri, kesho yatajaa karibu na saa 11.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika sehemu nyingi za pwani ya Tanzania, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu hupanda na kushuka kidogo tu, kama mita moja hivi.

Vijiji vyetu vingi havina gati. Nahodha huingiza chombo maji yakijaa, akatia nanga karibu na ufuko. Maji yakiondoka, chombo kinabaki juu ya mchanga. Ndiyo kupwelewa.

Sasa itazameni mashua. Chini ina mkuku mmoja, nao umepita katikati toka omo mpaka tezi. Mashua iliyopwelewa ni kama baiskeli isiyo na stendi. Ukiiacha, itaanguka upande. Lakini kigoda chenye miguu mitatu hakianguki. Kwa nini? Kwa sababu uzito wake uko katikati ya miguu. Na ngalawa je? Ngalawa huegemea tengo lake la upande mmoja, haipinduki. Wazee wetu walijua siku nyingi kwamba chombo kinataka kitu cha kukishika ubavuni.

Mashua ikilala ubavu kuna hasara nne.

Kwanza, mbao za upande mmoja hubeba uzito wote. Mbao hujikunja, kalafati hutoka, chombo huanza kuvuja.

Pili, shehena huteleza na kurundikana upande wa chini.

Tatu, maji yakirudi huenda yakaingia ndani kabla chombo hakijaelea. Hatari hii ni kubwa zaidi kama chombo kimelalia upande wa baharini.

Nne, chombo kinaweza kumwangukia mtu. Wazazi, msiwaache watoto wacheze kando ya mashua iliyopwelewa. Mtoto hawezi kujua itaegemea wapi.

MIFUKO KUMI NA MINANE

Sasa tuwaambieni yaliyotupata sisi wenyewe.

Katika kijiji kimoja tulichokuwa tukifundisha kisomo, palikuwa na kikundi cha watu 15, wanawake kwa wanaume. Kikundi kilikuwa na mashua moja ya futi 24. Mashua hiyo ilipeleka nazi na samaki wakavu mjini, ikarudi na bidhaa za duka.

Mwaka huo kijiji kilikuwa kinajenga zahanati. Watu walikuwa wamekwisha kuchanga. Kikundi kikapewa kazi ya kuleta saruji mifuko 30. Mashua ikafika siku ya bamvua, alasiri, maji yamejaa. Watu wakaanza kupakua. Mifuko 12 ilipofika nchi kavu, giza likaingia na maji yakawa yanaondoka kwa kasi. Mashua ikagusa mchanga, ikaegemea upande wa baharini. Kutembea ndani yake kukawa shida. Nahodha akasema, "Jamani, tutavunjana miguu. Iliyobaki tutaitoa asubuhi."

Tukaenda kulala. Ndiyo, na sisi walimu tulikwenda kulala.

Usiku maji yalirudi. Mashua ilikuwa imelala, na mdomo wake umeelekea bahari. Haikuwahi kuelea. Maji yalipita juu ya ukingo, yakajaa ndani. Asubuhi tulikuta mifuko 18 imeloa chapachapa. Ninyi mnajua saruji ikiloa. Baada ya siku mbili ilikuwa mawe. Mawe hayo yalikaa pale ufukoni, yana umbo la mfuko. Kila anayepita aliyaona.

Kikundi kililazimika kulipa. Mifuko 18 kwa watu 15. Gawanyeni wenyewe. Kila mmoja alilipa mfuko mmoja, na mifuko 3 iliyozidi wakagawana. Mama mmoja mjane aliuza kuku wake wote. Zahanati ikasimama bila kupauliwa mpaka baada ya mvua za masika.

TULIVYOKOSEA

Katika darasa la kisomo watu wakauliza: "Mwalimu, hakuna dawa ya jambo hili?"

Tukasema ipo. Tulikuwa tumesoma kwamba katika nchi nyingine watu wenye taabu kama yetu wameshughulika nayo. Huko Saint-Malo, Ufaransa, siku za bamvua maji huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 12. Huko na Uingereza kuna watu wanaofunga miguu ya mbao ubavuni mwa chombo. Wengine hutengeneza chombo chenye mikuku miwili, mmoja kila upande, kikasimama juu ya matope kama bata. Tangu miaka ya 1920 Mwingereza mmoja, Robert Balfour, ambaye baadaye aliitwa Lord Riverdale, alijaribu mikuku miwili katika chombo chake cha tanga, Bluebird.

Basi tukashika kalamu. Tulitoka chuo cha ualimu, hesabu tulizijua. Tukachora mikuku miwili midogo ya kuongeza, mmoja kushoto, mmoja kulia, mkuku mkubwa ukabaki katikati. Tukampelekea fundi wa vyombo. Alikuwa mzee, hajui kusoma wala kuandika, lakini alikuwa ameunda mashua nyingi.

Mzee akautazama mchoro. Akauliza, "Mwalimu, miguu hii itashika nini?"

Tukajibu, "Itashika ubao, mzee. Tutaipigilia kwa misumari mirefu."

Mzee akanyamaza. Sisi tukadhani amekubali.

Tukapima urefu wa mikuku siku hiyo hiyo, mashua ikiwa ufukoni. Tukakata mbao, tukapigilia. Bamvua ilipofika, mashua ikasimama. Watu wakapiga vigelegele. Lakini haikusimama sawa. Iliinama upande mmoja kama mtu mwenye mguu mfupi. Na maji yalipojaa, ilivuja kila palipopigwa msumari. Vijana walikumba maji mpaka mikono ikafa ganzi.

Tukarudi kwa mzee. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu."

"Mzee, miguu imetushinda."

Akasema, "Mbao za chombo ni ngozi. Mataruma ndiyo mifupa. Nani anasimama kwa ngozi yake?"

Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia siku ile?"

Akasema, "Mimi niliuliza swali. Ninyi hamkuuliza."

Ndugu zetu, maneno hayo yalituingia. Mzee alikuwa na elimu, ila haikuwa ya kalamu. Sisi tulikuwa na kalamu, ila hatukuyajua mataruma. Siku ile tukaketi chini ya mkungu, mzee akisema, mwanakisomo mmoja akiandika katika daftari. Haya tutakayowaambia sasa yametoka katika daftari hilo.

NJIA ILIYOTUFAA

1. Chagueni mahali pa kupimia.
Kosa letu la kwanza lilikuwa kupima mahali penye mteremko. Upande mmoja mchanga ulikuwa juu, upande wa pili ulikuwa chini. Basi tafuteni mchanga mgumu ulio sawa. Mahali pa mawe au matumbawe hapafai. Pakagueni siku moja kabla, maji yakiwa yamepwa.

2. Simamisheni mashua kwa gadi.
Gadi ni miti ya kuegemeza chombo kisianguke. Mashua yetu tuliiegemeza kwa gadi nne, mbili kila upande. Iwe tupu, haina shehena. Ning'inizeni timazi, yaani kamba yenye kitu kizito mwishoni, mbele ya mlingoti. Kama mlingoti haukuwekwa wima, ning'inizeni katikati ya omo. Sogezeni gadi mpaka timazi ionyeshe kwamba mashua iko wima.

3. Pimeni toka tumbo la mashua mpaka mchanga.
Pimeni pale ambapo tumbo la chombo linaanza kujipinda kupanda ubavuni. Mashua yetu ilikuwa na upana wa futi 8. Tulipima sentimeta 80 kutoka katikati, kushoto na kulia. Pimeni mahali patatu kila upande: mbele, kati na nyuma. Andikeni kila kipimo. Msikiweke kichwani, kichwa husahau. Vipimo vya kushoto na kulia vikitofautiana sana, rudini kwenye timazi.

4. Punguzeni kidogo.
Mikuku ya pembeni isishuke chini kuliko mkuku mkubwa. Sisi tuliipunguza sentimeta 3. Kwa nini? Mkuku mkubwa ndio uliojengwa kubeba chombo. Huo uguse kwanza, ubebe uzito. Ya pembeni kazi yake ni kuzuia chombo kisianguke. Mkuku mkubwa ukididimia kidogo katika mchanga, ya pembeni nayo inafika chini.

5. Urefu na mwelekeo.
Mikuku yetu ya pembeni ilikuwa na futi 8, yaani theluthi moja ya urefu wa mashua. Tuliiweka katikati ya mashua, mahali penye uzito. Kamba ikavutwa toka omo mpaka tezi, mikuku ikafuata kamba hiyo sawasawa. Mkuku ukikaa mshazari, chombo kitakuwa kizito baharini kama mtu anayetembea na kiatu cha kuvuta. Ncha za mbele na nyuma zichongwe zilale, maji yapite vizuri na kamba zisinase.

6. Tafuteni mifupa.
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ndani ya mashua, juu ya mataruma, lazeni ubao mnene kufuata urefu wa mkuku wa nje. Ubao wetu ulishika mataruma matano. Mkuku wa nje, taruma na ubao wa ndani vifungwe pamoja kwa bolti moja ndefu inayopenya vyote. Fanyeni hivyo kwa kila taruma. Chini ya nati wekeni kipande cha chuma kipana, nati isizame katika mbao. Tobo litobolewe kwa keekee. Lisiwe kubwa kuliko bolti. Bolti iviringishwe pamba yenye mafuta kabla ya kuingizwa. Matobo ya zamani ya misumari yazibwe kwa vigingi vya mbao, kisha yapigwe kalafati.

Fikirini uzito wenyewe. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Mifuko 18 ni kilo 900. Mizigo hiyo ikiegemea upande, misumari iliyoshika ngozi peke yake itaweza?

7. Wekeni kiatu.
Chini ya kila mkuku wa pembeni pigilieni ubao mwembamba. Huo ndio utakaosuguliwa na mchanga. Ukilika, mtauondoa na kuweka mwingine, na mkuku wenyewe utabaki mzima.

FAIDA NA TAABU ZAKE

Tusiwadanganye. Mikuku ya pembeni ina taabu zake. Upepo ukiwa mdogo mashua huenda polepole kuliko zamani, na kugeuka huchelewa kidogo. Majani ya bahari hunasa. Penye mawe, mawimbi huweza kugonga mikuku na kuivunja. Na penye tope laini upande mmoja unaweza kuzama zaidi.

Lakini faida tuliziona. Shehena hukaa mahali pake. Watu hupakua mpaka maji yanapokwisha kabisa, na punda au mkokoteni hufika ubavuni mwa chombo. Upepo wa ubavuni ukivuma, mashua haisukumwi upande kama zamani, kwa sababu mikuku inashika maji. Tena kazi ya kusafisha chombo imekuwa rahisi. Mnajua kwamba kuna wadudu wa bahari wanaotoboa mbao, na kwamba kwa sababu yao huwa tunachoma makuti chini ya chombo na kupaka deheni. Zamani tulifanya upande mmoja, tukangoja bamvua nyingine tuulaze upande wa pili. Sasa pande zote mbili hufanywa katika kupwa kumoja.

ASIYE NA FEDHA ZA MIKUKU

Kama hamna fedha za bolti na mbao, msikate tamaa. Tumieni gadi. Kateni boriti mbili zinazolingana, kwa ruhusa ya wanaohusika na misitu ya mikoko. Fungeni moja kila ubavu, katikati ya chombo, juu kwa kamba imara kwenye ukingo. Chini ya kila gadi pigilieni kipande cha ubao kipana kama sahani, isididimie. Kisha fungeni kamba toka mguu wa gadi, moja kwenda omo na moja kwenda tezi, gadi isiteleze mbele wala nyuma. Kila maji yakipwa, mtu azikague kamba. Kabla ya kusafiri, gadi ziondolewe na kuwekwa ndani.

Gadi si kitu kigeni. Ni kazi ya babu zetu, na jina lake ni la vyombo vyetu wenyewe. Sisi tulikwenda kutafuta dawa Ufaransa na Uingereza, kumbe nusu ya dawa ilikuwa imelala nyuma ya nyumba ya mzee fundi.

USIKU WA PILI

Kazi ya mikuku ilipokwisha, kikundi kilikwenda mjini kuchukua mifuko 18 ya kulipa deni. Mashua ikarudi siku ya bamvua tena, alasiri kama siku ile. Watu walikuwa wanaogopa. Yule mama mjane alisema, "Leo silali." Na kweli hakulala mtu.

Tulishusha mifuko 6 kwanza, kisha tukaacha kwa makusudi. Tulitaka kujua. Kama ingeegemea, watu walikuwa tayari na gadi mikononi.

Maji yaliondoka. Tukasikia mkuku mkubwa unagusa mchanga. Mashua ikatikisika kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Kisha mkuku wa kulia ukagusa, na wa kushoto. Ikatulia. Mzee fundi akaenda na taa, akapitisha mkono chini ya ubavu, akarudi. Hakusema neno. Alikaa chini akaomba tumbaku.

Maji yalirudi usiku wa manane. Mashua iliinuka polepole, wima. Tulipofungua, mifuko 12 iliyobaki ilikuwa mikavu. Asubuhi ilibebwa yote mpaka penye zahanati. Mama mjane alibeba nusu mfuko kichwani, akapita kando ya yale mawe yenye umbo la mfuko bila kuyatazama.

Basi ndugu wanakisomo, haya ndiyo tuliyojifunza. Ukitaka kuongeza mguu, tafuta mfupa wa kuushika. Pima mahali palipo sawa. Andika. Na mwenye ujuzi akikuuliza swali, usimjibu upesi. Mwulize na wewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini baiskeli huanguka na kigoda hakianguki?
2. Mashua iliyolalia upande wa baharini ina hatari gani maji yakirudi?
3. Mashua ya futi 30 ingehitaji mikuku ya pembeni ya futi ngapi, ikiwa ni theluthi ya urefu wake?
4. Kwa nini misumari katika mbao peke yake haikutosha?
5. Katika kijiji chenu ni nani ana ujuzi ambao haujaandikwa? Nendeni kwake na daftari. Mmoja aulize, mmoja aandike.

Tuonane tena. Kazi njema.